Alianguka, Alikuwa Ameanguka

Watu wa Rumipata wakiniuliza kwa nini siandiki tena barua, nawaambia mkono unaniuma. Wananihurumia, wananiletea mafuta ya kuchua na majani ya kuchemsha, nami napokea na kushukuru. Mkono hauniumi hata kidogo. Nimeacha kuandika kwa sababu sentensi niliyojivunia kuliko zote maishani mwangu ilimpeleka mtoto wa watu gerezani, na haikuwa na kosa hata moja.

Jina langu ni Hermógenes Palomino, lakini hapa mjini hakuna anayelitumia. Naitwa Mwalimu. Nilifundisha sarufi ya Kihispania miaka thelathini na moja, nikiwafundisha watoto waliokuwa wakizungumza Kikechua, lugha yetu ya milimani, nyumbani. Mama yangu mwenyewe alikufa bila kujua Kihispania zaidi ya salamu, ila mimi nilipelekwa chuo cha ualimu nikarudi na kalamu nyekundu na kiburi. Nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi: nilivipenda hivyo vitu kama wenzangu walivyopenda karata. Nilipostaafu nikaweka meza na taipureta kwenye baraza la uwanjani, mkabala na mahakama, nikawa naandikia watu maombi, mashtaka na barua za mapenzi. Hata za mapenzi nilizisahihisha. Kuna fundi viatu mmoja alininunia mwaka mzima kwa sababu nilimfutia vivumishi vyote, nikamwachia "nakupenda" peke yake.

Mama Saturnina alikuja siku ya soko, mvua zikielekea kwisha, kofia mkononi na kondoo wake akiwa amewaachia majirani. Nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa mjane, mchungaji wa huko juu Wayllani, na katika watoto wanne alibakiwa na mmoja, Fabián, kijana wa miaka ishirini na miwili. Fabián alikuwa mahabusu mwezi wa pili sasa. Alishtakiwa kumwua kwa jiwe Teodosio Arce, msimamizi wa shamba kubwa la Wayllani, mtu ambaye hakuna mkulima aliyemlilia.

"Mwalimu, nimekuja unisaidie kusema," aliniambia kwa Kikechua.

"Sema, mama. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Yule bwana alianguka. Nilikuwa juu kwenye mawe na kondoo wangu, nikamwona anapita. Farasi akashtuka, nikamwona anashtuka. Bwana akaanguka, nikaona. Kichwa kikagonga jiwe, nikaona, na mlio wake mpaka leo ninao humu masikioni. Fabián alikuwa mbali, kule mferejini. Akatupa jembe akakimbia kwenda kumsaidia, nikamwona. Akamwinua kichwa, akajaa damu mikono yote. Ndipo walinzi wa shamba wakatokea, wakamkuta hivyo hivyo."

"Nani mwingine aliona?"

"Kondoo."

Sikucheka, maana hata yeye hakuwa anatania.

Hapa lazima niseme jambo moja la lugha yetu, nami nitalisema kwa ufupi, kwani ndilo lililotumaliza. Katika Kikechua, kitenzi hakikufichii kitu. Ukisema mtu alianguka, mwisho wa kitenzi unakutaja: ulikuwapo ukaona, au uliambiwa tu. *Urmarqa*: alianguka, nami nilikuwapo. *Urmasqa*: alianguka, lakini sikuona, eti alianguka, ndivyo wasemavyo. Tofauti ni herufi moja. Mtoto wa miaka minne haikosei. Mtu mzima akiichezea makusudi huitwa mwongo, hata kama jambo lenyewe ni kweli tupu.

Kihispania hakina herufi hiyo. Lakini watu wetu wa milimani hawakuweza kuishi bila ya hiyo "eti" yao, kwa hiyo walipojifunza Kihispania wakaitafutia mahali pa kujificha. Kihispania kina wakati wa kitenzi wa kuonyesha jambo lililotangulia jingine, kama mtu anavyosema, "Nilipofika, alikuwa ameanguka." Huo "alikuwa ameanguka" wakauchukua wakaufanya wao. Hapa Rumipata ukisema fulani alikuwa ameanguka, kila mtu, kuanzia muuza mkate hadi karani wa mahakama, anajua kwamba hukuona, umesikia kwa watu. Nililijua hilo vizuri sana. Nililiita kosa. Kwa miaka thelathini na moja niliwachapa watoto vidole kwa rula kwa sababu ya kosa hilo, nikiwaambia kitenzi ni cha kupanga wakati, si cha kubebea umbea.

Basi nikaingiza karatasi ya serikali kwenye mashine, nikaanza kumsafishia mama maneno yake.

"Hii 'nikaona' umeisema mara tano, mama."

"Kwa sababu niliona mara tano."

"Mara moja inatosha. Na hata hiyo moja haina kazi. Anayetoa ushahidi ndiye aliyeona, au sivyo? Kama hakuona, anatoa ushahidi wa nini? Tukijaza maneno ya bure hakimu atasinzia."

"Asinzie, lakini yawemo."

"Mama, niachie mimi. Wewe unajua kondoo, mimi najua maandishi."

Nakumbuka alikuwa anasokota sufu huku amesimama, na kijiti kiliacha kuzunguka nilipomwambia hivyo.

Shida yake niliielewa haraka, hilo siwezi kujinyima. Kesi nzima ilikuwa juu ya nini kilitangulia. Walinzi walisema Fabián alifika, kisha msimamizi akaanguka. Mama alisema msimamizi alianguka, kisha Fabián akafika. Lakini alivyosimulia yeye ilikuwa akaanguka, akakimbia, akamwinua, maneno yamepangwa foleni tu, na wakili yeyote angeweza kuyavuruga. Nikatafuta sentensi moja ambayo haitavurugika. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, jua likatoka upande mmoja wa uwanja likaenda wa pili. Mwishowe nikaipata: "Mwanangu Fabián alipofika mahali pale, msimamizi alikuwa tayari ameanguka kutoka juu ya farasi wake, na alikuwa tayari amepasuka kichwa."

Hakuna mwalimu wa sarufi, hapa wala ng'ambo, ambaye angeitia wino mwekundu. Nilimwonyesha kwa kidole, ingawa hakujua kusoma.

"Hiki kitenzi hapa, mama, ndicho wakili wa mwanao. Kinasema kuanguka kulitangulia. Hakuna atakayekipindua."

"Nisomee kwa lugha yetu."

Ningeweza kumsomea. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Kama ningemsomea, kinywa changu mwenyewe kingekwama kwenye ile herufi, ningeona nilichofanya, ningeng'oa karatasi na kuanza upya. Lakini njaa ilikuwa inaniuma, dada yangu alikuwa ameniwekea supu ya viazi, na juu ya hayo nilichukizwa kidogo. Mtu ameandikiwa sentensi kama ile, bado anataka kuikagua!

"Nimeiandika vizuri kuliko ulivyoisema," nikamwambia. "Weka kidole."

Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika. Aliniachia jibini iliyofungwa kwa majani. Niliila yote wiki ile, na ilikuwa nzuri.

Hakimu alikuja mwezi wa tano. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, aliyekuwa akihema kwa sababu ya urefu wa milima yetu, na Kikechua hakujua hata neno. Chumba kilijaa. Fabián alikaa kwenye benchi katikati ya askari wawili, amekonda, amenyolewa vibaya. Upande wa pili alikaa wakili wa shamba, aliyekuwa akizungusha pete yake muda wote. Fabián hakuwa na wakili. Alikuwa na karatasi yangu.

Hakimu aliisoma kimya kimya, akaitikia kwa kichwa. "Haya ni maelezo yaliyoandikwa vizuri," akasema. "Ni nadra kuyapata huku." Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma kabisa nilijinyoosha ili wanione. Mungu anisamehe, nilijinyoosha.

Sheria ilitaka shahidi asomewe maelezo yake kwa lugha yake na ayakubali. Mkalimani alikuwa Nicanor Cuadros, karani, mwanafunzi wangu wa zamani. Katika vidole vyote nilivyovichapa, vya Nicanor ndivyo vilivyokula rula zaidi. Alisimama, akashika karatasi kwa mikono miwili, akasoma kwa Kikechua polepole, kitenzi baada ya kitenzi. *Urmasqa*, akasema. Kwa sikio la mtu wa kwetu ilikuwa hivi: "Mwanangu Fabián alipofika pale, eti yule bwana alikuwa ameanguka. Eti alikuwa amepasuka kichwa."

Mama Saturnina aliinua uso.

"Sivyo."

"Anasemaje?" hakimu akauliza.

"Anasema sivyo, mheshimiwa."

"Hayo ni maneno ya mtu ambaye hakuwapo," mama akasema. "Mimi nilikuwapo."

Nikasimama. "Mheshimiwa, ni kitenzi tu hicho! Wakati wa kitenzi—"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Basi ulishaandika. Kaa."

Askari akanikalisha kwa mkono begani. Nicanor hakugeuka kuniangalia.

"Muulize," hakimu akasema kwa upole, "kidole hiki ni chake?"

"Kidole ni changu. Maneno si yangu."

"Anayakubali maelezo haya au hayakubali? Ndiyo au hapana."

Hapo Fabián akamwita mama yake kwa Kikechua, kwa sauti ya chini kama vile wako jikoni kwao. "Mama, kubali tu. Sema ndiyo."

"Nitasemaje sikuona, mwanangu? Niliona. Nikisema sikuona, nani atabaki aliyeona?"

"Mama, nakuomba."

Midomo ya mama ilijaribu, nakuapieni, niliiona ikijaribu. Kisha akamgeukia hakimu na kusema kwa Kihispania, maneno mawili aliyoyajua: "Hapana, bwana."

Hakimu akamruhusu aseme mwenyewe. Akasema yote, vile vile alivyoniambia mimi: farasi akashtuka nikaona, akaanguka nikaona, mara tano zote. Nicanor akatafsiri zote tano. Wakili wa shamba akangoja amalize, akasimama taratibu.

"Mheshimiwa, kwenye karatasi hii yenye kidole chake, naomba anionyeshe neno 'niliona'. Liko wapi? Halimo hata mara moja. Leo limekuwa mara tano. Shahidi huyu amekana maelezo yake ya kwanza na kuleta mengine yaliyonona zaidi. Nani kamfundisha kati ya siku ile na leo?"

Hakimu alitafuta lile neno. Aligeuza karatasi hata nyuma, na nadhani alitamani kuliona. Kisha akaiweka chini, akatangaza kwamba ushahidi wa mama haufai, kwa kuwa unajipinga wenyewe. Hapakuwa na ushahidi mwingine wa kumtetea. Fabián alipewa miaka kumi na minane, gereza la kisiwani, huko pwani ambako mtu wa milimani huanza kukohoa tangu wiki ya kwanza.

Nilimsubiri Nicanor ngazini. Alipotoka nikamkamata mkono wa koti.

"Ulijua nilichomaanisha!"

"Sikujua, Mwalimu."

"Ulijua! Mimi, mimi niandike 'eti'? Mimi?"

"Nilijua wewe unajua watu wa hapa wanaielewaje," akasema. "Nikafikiri umeiweka makusudi. Nikafikiri mama hakuona, na wewe, kwa uaminifu wako, umekataa kumwandikia kwamba aliona. Hata nikakuheshimu." Akautoa mkono wake taratibu. "Ungeandika 'alianguka, niliona', Mwalimu. Hata mimi darasa la pili ningeandika hivyo, kabla hujanirekebisha."

Nilirudi mezani kwangu, nikaingiza karatasi mashineni.

Niliandika rufaa. Kurasa tisa. Nilieleza nyakati za vitenzi, nilieleza Kikechua, nilieleza "eti", nikakiri ujinga wangu kwa maneno ambayo sikuwahi kuyatumia juu ya mtu yeyote. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, mistari miwili: matumizi ya vitenzi si hoja ya kisheria, na mwombaji anashauriwa kuandika kwa ufupi. Baada ya hapo nikaifunika mashine, na hadithi ya mkono ikaanza.

Mama Saturnina hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Alikuwa akija kila siku ya soko, anakaa kwenye jiwe karibu na meza yangu tupu, anafuma sweta la sufu ya kijivu. "Huko pwani kuna ukungu," alikuwa akisema. "Kifua chake si kizuri."

Barua kutoka gerezani ilikuja kabla mwaka haujaisha. Aliniletea ikiwa haijafunguliwa, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kuisoma, na jambo hilo peke yake liliniumiza kuliko matusi. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, nafasi zote mahali pake. Ilisema hivi: "Mganga wa gereza alipofika, mfungwa alikuwa tayari amefariki."

Ilikuwa sentensi yangu. Walikuwa wamebadilisha majina tu.

"Inasemaje?"

Nilitaka kusoma kwa Kihispania nikimbie. Hakuniachia. Alinitazama kinywani, akisubiri lugha yetu, kama alivyoisubiri siku ile nikamnyima. Na lugha yetu ilinitaka nichague herufi. Mimi sikuwapo kwenye kile kitanda. Kusema kwa ile herufi ya aliyeona kungekuwa uongo, tena uongo mbele ya mtu huyu. Nikasema kwa ile nyingine.

"Eti alikufa, mama. Kifua. Mganga alipofika, eti alikuwa amekufa."

Hakulia. Alikunja uso kama mtu anayepiga hesabu ya kondoo.

"Eti?"

"Eti, mama."

"Wewe hukuona."

"Sikuona."

"Na mganga alipofika, eti ilikuwa tayari. Basi naye hakuona."

"Hakuona, mama."

"Aliyeandika anasema aliona?"

Niliipekua barua nzima, mbele na nyuma, kama hakimu alivyoipekua karatasi yangu. "Hasemi."

"Basi hakuna aliyeona," akasema, akachukua sweta lake akaendelea pale alipoishia.

Nilimweleza. Nilimweleza kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikilia, kwamba serikali ndivyo inavyoandika, kwamba Kihispania cha vitabuni hakisemi nani aliona, kwamba ule ni wakati wa kitenzi tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ndivyo ulivyoniambia mara ile pia," akanijibu, bila ubaya wowote.

Sweta limekwisha siku nyingi. Sasa anafuma la pili, mikono mirefu zaidi, maana anasema kijana wa umri ule bado anakua. Kila siku ya soko anashuka kutoka Wayllani, saa nne za kutembea, kuniuliza kama imekuja barua ya mtu aliyeona. Ningeweza kuiandika mimi. Karatasi ninayo. Maneno ni machache: nilikuwa mfungwa mwenzake, alikufa, nilikuwapo, nilimshika kichwa. Mara tatu nimeifunua mashine. Mara tatu nimekumbuka midomo yake mahakamani ikijaribu kusema uongo mmoja mdogo ili kumwokoa mwanawe na kushindwa, nami nimeifunika tena. Yeye hakuweza kwa ajili ya mtoto wake, mimi nitaweza kwa ajili ya usingizi wangu?

Jumapili iliyopita aliniletea chupa ya mafuta ya ndege mbuni wa milimani, dawa ya viungo. Akaniambia nitoe mkono, nikautoa. Akaukanda kidole kimoja kimoja, kwa nguvu, mkono mzima ambao hauna ugonjwa wowote.

"Bado unauma, Mwalimu?"

"Unauma, mama."

"Imekuja?"

"Bado."

"Haya," akasema, akanifunga mkono kwa kitambaa. "Nitakuja Jumapili."